Shajara ya bomba la magugu: ekari tatu za mahindi, Mvomero

Januari, wiki ya mwisho

Leo nimezunguka shamba zima na daftari kuandika kilichoota, kipande kwa kipande. Upande wa juu kuna kishonanguo na majani mengine ya msimu, hayo hayanisumbui. Bondeni ndago imejaa kama imepandwa. Mpaka wa mashariki sangari imeingia hatua kadhaa ndani ya shamba, na kandokando ya mfereji kongwa inatambaa kila penye unyevu.

Ndago na sangari ndizo zilizonifanya nianzishe mradi huu. Ndago unaing'oa jani, kitunguu chake kinabaki ardhini na kuchipua upya baada ya wiki moja. Sangari ina mizizi myeupe inayotambaa chini kama kamba. Jembe likiikata, kila kipande chenye fundo kinakuwa mche mpya. Msimu uliopita tulipalilia bondeni kwa jembe, tukawa tunaisambaza sangari kwa mikono yetu wenyewe. Na wakati wa palizi kila mtu yuko shambani kwake, kibarua humpati hata ukiwa na fedha mkononi.

Lengo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza: bomba moja la mgongoni, la kupampu kwa mkono, la magugu peke yake, linalotoa kiasi kilekile cha dawa kwa kila hatua, awe amelibeba nani. Dawa ya magugu si rahisi bei yake. Inayozidi inachafua ardhi, na inayopungua inaunguza majani ya juu tu na kuacha mizizi hai.

Februari, wiki ya kwanza: kuchagua

Nimepita maduka ya pembejeo Morogoro mjini. Mabomba ni mengi na kwa macho yanafanana: tangi la plastiki la lita 16 au 20, mpini wa kupampu pembeni, mpira, fimbo, nozeli. Umbo hili ni la zamani sana. Mfaransa Victor Vermorel alikuwa akiwauzia wakulima wa zabibu mabomba ya mgongoni tangu karne ya 19, na kinachofanya kazi ndani hakijabadilika sana: pampu inasukuma maji kwenye chemba, hewa iliyobanwa humo inayasukuma kwenye mpira, nozeli inayapasua kuwa matone. Mtu anayejua kufungua pampu ya baiskeli hana sababu ya kuliogopa bomba.

La lita 20 nimeliacha. Maji ya lita 20 ni kilo 20, ongeza uzito wa bomba lenyewe na matope ya bondeni. Anayelibeba akichoka anabadilisha mwendo, na mwendo ukibadilika kipimo kimeharibika. Lita 16 zinatosha.

Ndani kuna aina mbili za pampu. Ya pistoni inapanda presha kubwa haraka na inafaa zaidi kwa dawa za maji maji. Ya diaframu, yaani kiwambo cha mpira kinachocheza juu na chini, haipandi sana lakini inavumilia dawa za unga, kwa sababu unga haupati kuta za silinda za kuzikwaruza. Kampuni ya Solo ya Ujerumani inatengeneza zote mbili kwa umbo karibu lilelile: 425 ni ya pistoni, 475 ni ya diaframu. Kwa magugu presha kubwa haina kazi, na dawa ninayokusudia ni ya maji, hivyo yoyote ingenifaa. Nimechukua ya pistoni kwa sababu moja tu: muuzaji ana vipuri vyake vyote kwenye droo, na amenifungulia droo nikaviona. Oringi (pete ndogo za mpira za kuzuia kuvuja), mpira wa pistoni, vali za goroli, washa za mpira wa kutolea dawa. Bomba ambalo vipuri vyake havipo, hata liwe zuri vipi, litakufa siku oringi ya shilingi chache itakapokatika.

Kabla ya kulipa niliomba maji. Nikalijaza nusu, nikafunga mfuniko, nikaliinamisha mbele kama mtu anayeokota kitu. Mfuniko unaovuja hapo utamwagia dawa mgongoni kwa msimu mzima. Bomba la kwanza lilivuja, la pili halikuvuja. Nikaangalia pia tundu la hewa kwenye mfuniko: lazima hewa iingie kadiri maji yanavyotoka, na lazima maji yasitoke. Kisha mikanda: mipana, yenye sponji, na kishikizo kinachofunguka haraka ikibidi kulivua bomba ghafla.

Mabomba ya betri nayo yapo, na nayasifu kwa jambo moja: presha yake ni tulivu kuliko ya mkono. Ila sisi umeme wa kuchajia uko mbali na shamba, na betri ikichoka hapa karibu hakuna wa kuitengeneza.

Muuzaji aliponifungia mzigo akaniambia, "Kaka, dawa weka mililita 200 kwa bomba, wote wanaweka hivyo."

Nikamuuliza, "Mtu anamaliza mabomba mangapi kwa ekari?"

"Inategemea na mtu."

Nimeliandika jibu hilo kwa wino mwekundu. Kazi yote ya wiki zijazo ni kulijibu swali hilo kwa namba.

Februari, wiki ya pili: nozeli

Bomba limekuja na nozeli ya kuzungusha, ile ambayo ukiikaza inatoa ukungu wa duara na ukiilegeza inatoa mshale wa maji. Kwa wadudu kwenye majani ya nyanya ukungu wa duara una faida, unazunguka jani juu na chini. Kwa magugu haufai. Matone yake ni madogo mno, upepo mdogo unayabeba, na kila ukigusa ile nozeli kiasi kinachotoka kinabadilika. Huwezi kupima kitu kisichotulia.

Nimenunua nozeli za feni, zinazotoa dawa kwa umbo la upepeo bapa. Zina rangi, na rangi zake ni za kimataifa, zinafuata kiwango kimoja kwa watengenezaji wote wanaokizingatia. Kwa presha ya bar 3, ya chungwa inatoa lita 0.4 kwa dakika, ya kijani 0.6, ya njano 0.8, ya bluu 1.2. Nimechukua ya bluu na ya kijani.

Ila bar 3 ni kubwa kwa magugu. Matone yanakuwa vumbi. Nataka bar 1.5. Hapa kuna hesabu ambayo wengi wanaikosea: ukipunguza presha nusu, dawa haipungui nusu. Kiasi kinakwenda na kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo ili kutoa mara mbili unahitaji presha mara nne. Nozeli ya bluu kwenye bar 1.5 inapaswa kutoa lita 0.85 hivi kwa dakika.

Fundi wa pampu za maji pale sokoni amenifungia geji ndogo ya presha katikati ya fimbo. "Mkuu, hii kazi ya nini kwenye bomba la dawa?" aliniuliza huku akifunga utepe mweupe kwenye nyuzi za kiungio. Nikampampia aone. Sindano ilikuwa inaruka kati ya bar 1 na bar 3 kwa jinsi nilivyokuwa nikipampu ovyo. Kwa nozeli ileile hiyo ni tofauti ya lita 0.7 na lita 1.2 kwa dakika. Mtu mmoja, dawa moja, na mistari miwili ya shamba inapata vipimo viwili. Fundi alitazama sindano kimya, kisha akaomba apampu yeye.

Baada ya mazoezi na geji mkono unazoea. Kwenye bomba hili, kusukuma mpini taratibu kwa kila hatua mbili kunaishikilia sindano karibu na 1.5. Nimeagiza pia vali ya kusawazisha presha kutoka Dar es Salaam, ile inayokaa nyuma ya nozeli, inayofunguka presha ikifika kiwango chake na kukataa kuzidi hapo. Ikija tutapumzika kutazama geji.

Februari, wiki ya tatu: kupima kwa maji matupu

Jaribio la kwanza nimelifanya kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi, saa nne asubuhi jua likiwa kali. Fimbo nimeishika nozeli ikiwa sentimita 50 juu ya sakafu, nikatembea mstari mmoja na kusimama kutazama saruji ikikauka. Hili ni jambo la kuona kwa macho. Nozeli ya kuzungusha iliacha pete: kingo zilikaa na maji, katikati pakakauka mapema. Nozeli ya bluu iliacha mkeka ulio sawa kwa karibu mita moja, kisha pembeni unyevu ukafifia taratibu. Nozeli moja niliyopewa ya ziada iliacha mstari mkavu mwembamba ndani ya mkeka, kama mtu aliyepitisha kidole. Niliifungua nikaimulika juani: ukingo wa tundu una mkwaruzo usioonekana mpaka uutafute. Hiyo nimeitenga.

Jaribio la pili ni la kipimo chenyewe. Nimepima mraba wa mita 10 kwa 10 shambani, penye majani halisi na matuta halisi, kwa sababu mtu hatembei juu ya saruji kama anavyotembea shambani. Nimejaza maji mpaka alama, nimepulizia mraba wote kwa upana wa mita moja moja nikifuata kamba, kisha nikarudishia maji kwa jagi lenye vipimo mpaka alama ileile. Kilichoingia ndicho kilichotumika: lita 1.4 na kidogo.

Mraba huo ni mita za mraba 100. Ekari ni kama 4,047. Zidisha kwa 40 na nukta kidogo, unapata lita 57 kwa ekari. Tangi la lita 16 basi litajazwa mara tatu na nusu na kitu, tuseme 3.6, kwa ekari moja.

Lebo ya dawa yangu, glaifoseti ya gramu 360 kwa lita, inataka lita 1.5 kwa ekari kwa magugu ya kudumu. Gawanya kwa 3.6: mililita 420 kwa tangi. Kipimo cha dukani cha mililita 200 kingenipa lita 0.72 kwa ekari, pungufu ya nusu. Majani ya juu yangekauka, mimi ningefurahi wiki mbili, na ndago ingerudi mvua ikikolea. Nadhani kelele nyingi za "dawa ni feki" zinazosikika vijiweni zinaanzia hapa. Dawa feki zipo, ndiyo, ndiyo maana natafuta namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwenye kila chupa, lakini dawa halisi kwa nusu ya kipimo nayo inamwangusha mkulima vilevile.

Kisha nikampa mdogo wangu bomba. Yeye ana miguu mirefu na haraka za ujana. Mimi naenda mita 10 kwa sekunde 10. Yeye alikwenda kwa sekunde 8. Mraba uleule, bomba lilelile, nozeli ileile: lita 1.1. Kwake ekari inakula lita 46.

"Sasa kaka, nani amekosea?" aliniuliza.

Hakuna aliyekosea. Kila mbebaji ana namba yake, na namba yake ndiyo inayosema aweke dawa kiasi gani kwenye tangi. Yeye mililita 520, mimi 420. Nimeandika kwa rangi isiyofutika ubavuni mwa tangi, majina mawili na namba mbili.

Machi mwanzoni: kabla ya kupanda

Mvua za kwanza zimeiamsha ndago na ina majani ya kutosha. Glaifoseti inaingilia jani na kusafiri na chakula cha mmea kwenda chini mizizini, hivyo gugu lililolala au lenye kiu haliichukui. Nilingoja mpaka yakawa mabichi na yenye nguvu.

Maji yamenipa kazi kuliko nilivyotegemea. Mfereji una maji ya rangi ya chai ya maziwa, na glaifoseti inashikamana na udongo wa mfinyanzi. Ikishikamana nao haiui tena chochote. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii, maana chembe hizo zinapita. Kipimo tunachotumia ni sarafu: itupe ndani ya ndoo iliyojaa, usipoiona chini usiyatumie maji hayo. Ya mfereji hata kina cha kiganja hayakuonyesha kitu. Tumebeba ya kisima kwa madumu.

Kabla ya kuanza nilikwenda kwa mama wa shamba la jirani, upande wa kusini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unapiga dawa. Nyanya zangu zina maua hizo."

Nikamwambia upande wake nitaacha ukanda wa mita tano bila kupulizia, tutaulima kwa jembe, na upepo ukielekea kwake tutasimama. Alikuja mwenyewe asubuhi ile akakaa mpakani na kitenge chake, akishika jani la mgomba kuona linaelekea wapi. Yeye ndiye aliyetuambia tusimame, kama saa tatu na nusu. Tukasimama.

Tulianza jua likiwa limeshatoka vizuri, umande umekauka, kukiwa na kaupepo kadogo ka kuhisi shavuni. Alfajiri kabisa hewa inapotulia tuli haifai, ingawa wengi wanaipenda. Matone madogo yanaelea na kwenda yanakotaka. Mbingu ilikuwa safi. Lebo inataka zipite saa sita bila mvua baada ya kupulizia.

Mavazi: glavu za nitrili, buti za mpira na suruali nje ya buti ili matone yasitiririke ndani, miwani wakati wa kuchanganya. Wakati wa kumimina dawa kutoka kwenye chupa ndipo unapogusa ile kali isiyochanganywa. Shambani miguu ndiyo inayolowa zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2015 liliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine za usalama zimeipima na kuona tofauti. Mimi naishi na mwili mmoja, kwa hiyo glavu hazivuliwi. Parakwati, dawa nyingine ya magugu, sitaiingiza nyumbani kabisa. Ikinywewa haina dawa ya kuizimua, na nyumba yetu ina watoto.

Nusu ya tangi maji, kisha dawa, kisha maji mpaka alama. Tulichomeka vijiti kila mita moja pande zote mbili ili kila mstari uwe na mwanzo na mwisho wake. Tangi la kwanza liliishia pale pale hesabu ilipotaka.

Siku hiyohiyo, jioni: kuosha

Naandika haya wakati mikono bado inanuka sabuni, kwa sababu hapa ndipo mabomba mengi yanapofia. Bomba likilala na dawa usiku mmoja, dawa inakauka ndani ya chujio na kwenye vali, mpira unaanza kuvimba, na asubuhi mtu analaumu kiwanda.

Maji kidogo mara tatu yanaosha kuliko tangi zima mara moja. Lita mbili, tikisa, pulizia yote itoke kupitia fimbo na nozeli. Mara ya pili maji yenye sabuni kidogo. Mara ya tatu maji safi. Yote tumeyapulizia kwenye kona ya shamba letu ambayo ilikuwa bado inahitaji dawa. Hayakukaribia mfereji wala kisima. Chupa tupu nazo zimesukwasukwa mara tatu, maji yake yakaingia kwenye tangi la mwisho, kisha zikatobolewa ili asije mtu kuzifanya za mafuta ya kula.

Nozeli inasafishwa kwa mswaki laini wa meno na maji. Waya, sindano na mwiba ni marufuku, tundu likikwaruzwa mara moja ndiyo basi, linakuwa kama ile niliyoitenga. Kupuliza kwa mdomo hakuhitaji hata maelezo.

Machi, wiki ya tatu

Sangari imeshika rangi ya njano kuanzia ncha. Ndago imekauka. Nimechimba mashina machache bondeni: vitunguu vilivyoungana na majani yaliyopata dawa vimelainika, lakini vilivyokuwa vimelala pembeni ni vigumu na vyeupe ndani. Hivyo vitaota. Ndago haimalizwi kwa msimu mmoja, nimeshakubali.

Kongwa haikufa. Imejikunja majani kidogo, ikatoa chipukizi. Inajulikana kwa kuivumilia glaifoseti, na sitaiongezea kipimo. Tumeing'oa kwa mkono na kuitoa nje ya shamba kabisa, maana ukiiacha juu ya udongo wenye unyevu kila fundo linatoa mizizi.

Mahindi yamepandwa, sentimita 75 kati ya mistari.

Aprili, katikati: kati ya mistari

Vali imefika. Ni kipande kidogo cha plastiki, na kimebadilisha kazi nzima. Chini ya bar 1.5 haifunguki, juu ya hapo inabana. Nimempa mdogo wangu apampu anavyotaka, tukakinga kwenye jagi dakika moja, mara kwa mara: 0.85, 0.85, 0.84. Pia ukiachia kibonyezo dawa inakatika hapo hapo, hakuna matone ya kudondoka juu ya mahindi. Kama ningeanza upya ningenunua vali kabla ya geji.

Sasa magugu yapo kati ya mistari na mahindi yamefika magotini. Tumetumia nozeli ya kijani, fimbo chini, upana wa sentimita 50, na kikinga tulichokata kutoka kwenye dumu la plastiki la lita tano kikiwa kimevikwa juu ya nozeli. Nozeli ya kijani inatoa nusu ya ya bluu, na upana tunaopulizia ni nusu, kwa hiyo lita kwa eneo linaloloa ni zilezile na mchanganyiko ubavuni mwa tangi haubadiliki. Niliichagua kwa sababu hiyo hasa. Ila ukanda unaopata dawa ni sentimita 50 katika kila 75, theluthi mbili ya shamba, na ekari inaisha kwa matangi 2.4 badala ya 3.6. Kwenye shina la mhindi tunapita na jembe.

Jamaa wa mpunga kutoka Mkindo alikuja kuazima bomba apige 2,4-D. Nilimkatalia kwa heshima na nikamweleza sababu. 2,4-D inaua majani mapana na inang'ang'ania kwenye mipira na plastiki; isipooshwa kwa amonia na kuachwa iloweke, mabaki kidogo tu yanatosha kukunja majani ya nyanya na maharage. Bomba letu linapita mpakani mwa nyanya za mama. Kwa sababu hiyohiyo bomba la wadudu ni lingine, na la magugu lina utepe mwekundu kwenye mpini.

Mei

Tone limeanza kutoka kwenye kibonyezo hata kikiwa kimefungwa. Nimekifungua mezani juu ya kitambaa cheupe ili goroli isipotee. Oringi ndogo ilikuwa imebonyea upande mmoja, na kando yake chembe ya mchanga imejichimbia kwenye plastiki. Nimeweka oringi mpya na kuipaka grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando yanapatikana kila duka, lakini ni ya petroli na yanavimbisha baadhi ya mipira, kwa hiyo sitaki mazoea nayo. Mchanga umepitaje? Chujio la mdomoni lilikuwa na tundu dogo pembeni ya fremu. Nimelibadilisha nalo.

Mpini ulikuwa mgumu kupanda. Mpira wa pistoni ni mzima, ulikuwa mkavu tu. Grisi ileile, na sasa unapanda kwa vidole viwili.

Julai, baada ya kuvuna

Nimepima tena nozeli ya bluu kwa jagi na saa, kwenye vali ileile. Lita 0.91 kwa dakika. Ilipokuwa mpya ilikuwa 0.85, imeongezeka asilimia 7. Ikifika asilimia 10 naibadilisha, kwa sababu tundu lililopanuka linatoa dawa nyingi na upepeo wake unakuwa na michirizi. Kwenye saruji bado mkeka ni sawa. Namba ubavuni mwa tangi nimezifuta na kuziandika upya kulingana na 0.91: mimi 390, mdogo wangu 490.

Bomba limeoshwa, limekaushwa, limening'inizwa kichwa chini stoo, mfuniko wazi, presha imetolewa. Jua linapasua plastiki, na panya wanaipenda mipira, kwa hiyo mpira umevuliwa na kuwekwa ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na vali, geji na nozeli.

Vya kununua kabla ya vuli: nozeli ya bluu moja, oringi za kibonyezo, mpira wa pistoni wa akiba, glavu. Bondeni vitunguu vya ndago vilivyobaki vitaota na mvua za Oktoba, na mama wa nyanya ameomba tumpimie bomba lake kabla hajapiga dawa ya ugonjwa wa ukungu. Lake ni la diaframu, na nozeli yake itabidi iwe ya duara, kwa hiyo jagi na saa nitakwenda navyo.